Mguu Sawa, Mwanasesere!

Mara ya kwanza kumsikia Afande akitoa amri, nilisimama na sahani ya ugali mkononi. Nilikuwa nimehamia Mbuya, hapa Kampala, wiki hiyo hiyo, kwenye ploti ya vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, na ukuta kati yangu na jirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya unamwambia afya. Basi nikasikia, "Mguu sawa!" Nikainuka. Sijawahi kuwa askari, lakini ile sauti haikuwa ya kubishana nayo. Kisha ikaendelea, "Wewe wa nywere nyekundu, kira siku unaanguka, kwani unakunywa?" Ikamgeukia mwingine, "Na wewe hapo nyuma, nguo iko wapi?"

Haki ya Mungu, ugali niliurudisha kwenye sufuria. Mimi mwanamke mgeni, nimetoka Kenya juzi kuja kukaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Ntinda, halafu jirani yangu ni mzee aliyejaza wanawake chumbani, na mmoja hana nguo! Usiku ule nililala nikipanga jinsi ya kumdai mwenye nyumba kodi yangu nihame.

Asubuhi nikaukuta mlango wake wazi. Ndani kulikuwa na mbao za rafu kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na juu ya rafu wamesimama wanasesere, safu kwa safu, warefu mbele ya mlango na wafupi karibu na dirisha. Mzee mwenyewe alikuwa na suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikawa na makali, na shati lililofungwa vifungo vibaya, upande mmoja juu kuliko mwingine. Nilipomwamkia tu akanitambua nilikotoka.

"Ah, Mukenya! Karibu. Hawa ni madori yangu. Usiguse."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Kwake yeye nilikuwa Mukenya mpaka leo, na kwangu alikuwa Afande, kama alivyokuwa Afande kwa mtaa mzima. Alikuwa amestaafu jeshini, ambako kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana gwaride. Ulimi wake ulitoka magharibi ya nchi, na huko herufi ya l ilikuwa haijawahi kumtembelea. Mlango ulikuwa mrango, kulala kulikuwa kurara, na wanasesere, ambao sisi wengine tunawaita madoli, walikuwa madori. Mwanzoni nilikuwa nikitafsiri kichwani. Baada ya miezi michache sikusikia tena tofauti, na nyumbani Kenya mama yangu akaniuliza kwenye simu kwa nini nasema nimerara vizuri.

Kwa nini mwanajeshi mstaafu anakusanya wanasesere, kila mtu Mbuya alikuwa na jibu, kwa kuwa kila mtu alikuwa amepewa lake. Mchungaji aliambiwa ni wa watoto yatima, ingawa hakuna yatima aliyewahi kutoka pale na hata kiatu cha mwanasesere. Muuza makaa aliambiwa kuna mzungu fulani atakuja kuwachukua wote kwa mpigo. Mimi niliambiwa, "Mukenya, hii ndio kikosi pekee haijawahi kunitoroka." Kuna mtu mmoja tu aliyejibiwa kwa neno moja, "Wanapendeza," na huyo nitamfikia sasa hivi.

Aliwapata soko la Owino, kwenye mitumba. Siku ya kufungua marobota alikuwa anateremka huko asubuhi, na wauzaji waliomzoea walimfichia mizigo yake chini ya meza. Wengine wanamgeuza mwanasesere waone uso. Afande alianzia miguuni. Alimshika kichwa chini miguu juu, akazikagua nyayo kama anakagua buti, akasikitika, "Banange, huyu watu warimutengeneza wakasahau atasimama." Na ni kweli. Wale wanasesere wa kukusanywa, wale wa nguo ndefu na nywele nyingi, wametengenezwa wapendeze, basi. Mguu mdogo kama punje ya haragwe, kisigino kimeinuliwa, kichwa kizito. Ukimwacha peke yake, chali.

Hapo ndipo ufundi wake ulipoingia. Kuwaegemeza ukutani alikataa. "Askari haegemei ukuta!" Gundi alikataa pia. Siku moja nilimtania nikamwambia awafunge uzi shingoni awaning'inize, akanitazama kwa namna ambayo nilimwomba radhi mwanasesere aliyekuwa karibu. Zile stendi za plastiki nilizomwonyesha kwenye simu alizitupia jicho moja, akasema "Prastiki," akarudi kwenye kazi yake.

Stendi yake ilianzia kwenye kopo tupu la rangi ya viatu, na kwa mzee aliyekuwa anapiga viatu rangi asubuhi na jioni, makopo hayakuwa shida. Kopo analijaza sementi, na katikati ya sementi anachomeka waya alioukata kwenye henga ya nguo. Urefu wa waya anaupima kutoka chini hadi pale mgongo unapoingia ndani. Ncha ya juu anaikunja kwa koleo iwe mikono miwili ya kukumbatia kiuno, na kila mkono anauvisha kipande cha mrija wa soda, ili kutu isichafue nguo. Kopo analipaka rangi nyeusi, anaweka kivulini likauke, na ole wako uliguse. Ukimaliza kumvalisha mwanasesere gauni, waya huuoni. Unaona mtu amesimama, ametulia, anakutazama.

Sementi ilitoka kwangu. Mifuko ikipasuka dukani tulikuwa tunafagia, na mimi nikawa naomba konzi moja, kesho konzi nyingine, nafunga kwenye mfuko wa nailoni na kubeba kwenye pochi. Bosi wangu aliamini najenga nyumba kidogo kidogo. Siku moja akanishauri kwa upole nikope.

Lakini siri ya stendi haikuwa sementi. Akimaliza kukunja waya, Afande alipitisha kidole chake kidogo kati ya waya na kiuno cha mwanasesere. Kidole kisipopita, anakunjua anaanza upya. "Ukibana, nguo inakunjamana na dori anakuwa na uso ya kuria. Ukiregeza sana, anaanguka. Mushike, usimubane." Hilo alilisema mara nyingi mno, hata nikawa nalisema mimi mwenyewe nikimfungia mteja mabomba ya maji juu ya bodaboda.

Sasa, mtu huyo huyo aliyekuwa hawezi kuvumilia kuona kitu kimepinda, yeye mwenyewe alikuwa amepinda. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu, na akitembea aliinama upande kama geti lenye bawaba moja. Mimi kila asubuhi nikipita mlangoni kwake nilipigiwa kelele, "Mukenya, bega!" na bega langu linapanda lenyewe hadi leo. Yeye ukimtajia fimbo, anasema fimbo ni ya wachungaji wa mbuzi. Tulimsihi sana akaonyeshe ile nyonga hospitalini Nsambya. Akakubali, akavaa koti, akaondoka asubuhi na mapema. Jioni akarudi amebeba mwanasesere mpya mwenye kofia. Kwa maneno yake, alifika mpaka getini, akaona foleni, akaona sindano zinapitishwa kwenye sinia, akapata safari ya Owino.

Huyo niliyesema nitamfikia ni Mama Bukavu. Ndivyo tulivyomwita, kwa mji aliotoka Kongo. Alikuwa mjane, fundi wa nguo, mashine yake aliiweka chini ya upenu wa duka moja pale njia panda. Mafundi wengine Afande alipowapelekea mwanasesere wa kushonewa gauni, walicheka mpaka wakaitana. Mama Bukavu hakucheka. Alimpokea mwanasesere kwa mikono miwili, akavuta futi shingoni mwake, akampima kifua, kiuno na urefu, kisha akauliza, "Huyu anaenda wapi, ku misa ao ku ndoa?"

Afande aliniambia baadaye kwamba alimpigia saluti. Mzee mzima aliyefokea vikosi maisha yake yote!

Tangu hapo kila Jumapili baada ya kanisa Mama Bukavu alikuja na nguo zilizokwisha, wakawa wanawajaribisha wanasesere na kubishana. Yeye alitaka mikono ya puto, Afande alitaka kola. Yeye ndiye aliyemuuliza kwa nini anawakusanya, na akajibiwa, "Wanapendeza," na akasema, "Ni kweli, banapendeza," na mambo yakaisha hapo. Mimi nilimpenda yule mzee, lakini nilikuwa nacheka. Sote tulikuwa tunacheka. Mama Bukavu ndiye mtu pekee duniani aliyekaa kwenye kile chumba bila kumcheka, na Afande alilijua hilo vizuri. Aliniambia waziwazi, "Mukenya, yure mama akiacha kukuja, mimi nafunga mrango, namariza."

Na ilibaki kidogo aache.

Mwenye duka pale njia panda alitaka upenu wake aweke kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu, akamwambia Mama Bukavu atafute pa kwenda kabla mwezi haujaisha. Afande aliposikia hakulala. Mbele ya chumba chake kulikuwa na baraza kubwa, lina kivuli, lina njia ya wateja. Akaamua kumpa. Wazo zuri, tena la upendo. Tatizo lilikuwa kulisema.

Sikuwepo, lakini wote wawili walinisimulia, na maneno yao yalilingana isipokuwa kwa herufi moja. Afande alivaa koti, akaenda mpaka kwenye mashine, akasimama mguu sawa.

"Nnyabo, nimefikiri mingi. Mimi nataka kukupatia mahari."

Ndiyo. Alitaka kusema mahali. Mtu mwingine angekisia, lakini kwa kina Mama Bukavu mahali huitwa fasi. Neno lililomwingia masikioni ni moja tu, nalo linajulikana kote kwa maana moja.

Mguu wake ukasimama kwenye pedeli. "Mahari?"

"Eeh, mahari. Kwangu. Mahari ya kutosha, hata mashine yako itaingia."

"Baba," akasema Mama Bukavu kwa sauti ndogo, "mambo kama hiyo haisemwake ku barabara. Miye niko na bakubwa yangu."

"Kuja nao!" Afande akasema kwa furaha. "Mahari iko kubwa, wote wataenea!"

Jumamosi wakaja. Shemeji yake, mzee wa kanisa mwenye tai. Shangazi yake, mama mzito aliyefunga kilemba. Na nyuma yao Mama Bukavu mwenyewe, macho chini, ndani ya vazi jipya la kikwembe, kitenge cha kwao, cha bluu, blauzi na sketi, aliloshona wiki ile. Mimi Afande alikuwa ameniomba nichemshe chai, kwa kuwa wakubwa wanakuja kuona mahari. Nami kwa masikio yangu yaliyoharibika nikaona ni sawa kabisa, mtu na wazazi wake kuja kukagua baraza. Nilivyoona lile vazi la bluu tu nilijiuliza, huyu mbona amependeza hivi kwa ajili ya sakafu?

"Tumekuja kusikia hiyo mahari," shemeji akaanza baada ya sala.

"Hapana kusikia tu, mutaona," Afande akasema, akachomoa futi ya chuma mfukoni. Akapiga goti kwa shida, nyonga ikalia, akavuta futi. "Kutoka hii nguzo mpaka ire dirisha. Mahari yote yake."

Shemeji akatazama nguzo. Akatazama dirisha. Akakohoa. "Sawa. Na ng'ombe?"

"Ng'ombe?" Afande akainua kichwa. Nilimwona akipima baraza upya kwa macho, maskini, anajaribu kumsaidia mgeni. "Mzee, ng'ombe hapana. Mwenye nyumba atakataa. Kuku, rabda."

"Kuku!" Shangazi akaruka. "Binti yetu, kuku?"

"Moja ao mbiri," Afande akasema, akijitahidi kuzungumza kama wao. "Zifungwe kamba."

Hapo ndipo lilipoingia kichwani mwangu, nikiwa na sinia ya chai mikononi. Nilipiga kelele. "Mahali! Jamani wazee wangu, anasema mahali! Fasi! Fasi ya kuweka mashine!"

Shemeji alilegeza tai. Shangazi alibaki mdomo wazi. Ndani ya mlango uliokuwa wazi wanasesere wote walikuwa wamesimama wima wanatutazama, na mimi nilitamani ardhi ipasuke initwae na sinia yangu. Mama Bukavu akainuka polepole, akajifunga vizuri mtandio wake begani.

"Kumbe nilivaa hii yote juu ya fasi," akasema, akaondoka.

Jumapili hakuja. Jumapili iliyofuata hakuja. Ukuta wangu ukanyamaza. Wewe fikiria, mimi niliyetaka kuhama kwa ajili ya zile kelele, sasa nakaa na ugali wangu nasubiri mtu aamriwe asimame. Hakuna. Jioni moja Afande akaja kukaa mlangoni kwangu.

"Mukenya, nirikosea nini?"

Nikamweleza. Mahali ni pale unapokaa, mahari ni ile unayotoa ukioa. Akajaribu. "Mahari. Mahari." Nikamwambia ainue ulimi nyuma ya meno. Akainua mpaka nikauona. "Mahari." Sikuthubutu kucheka.

"Ni kitu moja," akasema kwa hasira. Kisha akaisugua nyonga yake. "Na yeye arikuja. Arisikia ire ingine, na arikuja. Na wakubwa."

"Alikuja, Afande. Tena alipendeza."

"Niriona," akasema.

Kesho yake hakuniomba konzi. Aliagiza mfuko mzima wa sementi, na bosi wangu akanipongeza kwamba sasa anaona mambo yangu yanasonga. Afande akachukua kopo kubwa la rangi ya nyumba, akalijaza, akasimika mpini wa jembe. Juu akafunga henga ya mbao iwe mabega. Kiunoni akakunja waya mnene wa duara, akauvisha kipande cha mpira wa kumwagilia maji ili kitambaa kisikwame. Alikunja, akakunjua, akakunja tena. Alifumba macho, akakumbuka, akapunguza kidogo. Ilikuwa stendi ya kuonyeshea nguo, ya mtu mzima. Nikamwambia tuite boda iibebe. "Askari anabeba mwenyewe," akasema, akaitupia begani akateremka nayo mlima, ameinama kushoto, stendi imeinama kulia. Mimi nyuma yake, kama ataanguka apate wa kumlilia. Watu njiani waliuliza ni antena ya televisheni gani hiyo.

Tulimkuta Mama Bukavu anafunga mashine yake kwa kamba. Ilikuwa siku yake ya mwisho pale. Afande akaitua stendi mbele yake, jasho linamtoka. Maneno sasa alikuwa anayaogopa, nadhani, kwa hiyo alitumia machache.

"Hii ni ya nguo yako. Haibani."

Mama Bukavu alimtazama, akaitazama stendi. Akafungua mfuko wake, akatoa lile vazi la bluu, akaivisha sketi, akaivisha blauzi. Likakaa kama lilishonewa hapo hapo. Akapitisha kidole chake kidogo kati ya waya na kiuno. Kikapita bila shida. Akageuka.

"Afande. Kipimo ya kiuno yangu ulipata wapi?"

Mzee wa watu aliangalia buti zake. "Macho."

Yule mama alicheka! Alicheka mpaka akakaa juu ya mashine, akafuta machozi kwa futi yake ya shingoni, akaanza tena. Ilikuwa mara ya kwanza kumcheka Afande, na Afande, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifurahi kuchekwa. Jioni hiyo mashine ilikuwa barazani, kutoka nguzo mpaka dirisha. Neno mahari halikutajwa. Shemeji na shangazi hawakuulizwa.

Mimi baadaye nilihamia Ntinda, karibu na kazi, kwa kuwa ile foleni ya magari ilikuwa inanizeesha. Ukihama ndani ya Kampala ni kama umevuka mpaka. Unasema Jumapili nitakwenda, na Jumapili inapita, na miaka inafuata. Mwaka huu nilikwenda. Baraza lilikuwa limejaa nguo. Ile stendi kubwa ilikuwa imevaa gauni la harusi la mteja, na ndani wanasesere wote walikuwa ndani ya vikwembe, kikosi kizima, kila mmoja na kola yake na mikono yake ya puto. Nikaelewa jinsi ule ubishi ulivyoamuliwa.

Afande alikuwa kwenye kiti, amekonda, nywele nyeupe zote. Vifungo vya shati vilikuwa vimefungwa sawasawa, na hilo nililiona kabla ya kitu kingine.

"Mukenya! Bega!"

Bega likapanda. Akataka kuinuka anisalimie, na nyonga ikamkatalia. Nilitaka kumwahi, lakini Mama Bukavu alikuwa ameshaiacha mashine, amefika nyuma yake, akapitisha mkono chini ya koti, akamzungushia kiunoni. Mzee akapanda polepole mpaka akawa wima. Mkono ule hukuuona. Ulimwona mzee tu, amesimama mguu sawa.

"Usibane," akasema Afande bila kugeuka.

"Sibani. Nakamata tu."

Mimi mambo yakinigusa, nakuambia ukweli, huwa natafuta utani. Nikamuuliza swali lililonikaa miaka yote.

"Afande, niambie leo. Siku ile kwenye mashine, ulisema mahali, au ulisema mahari?"

Akanitazama machoni kama anakagua gwaride.

"Nirisema mahari," akasema.

Nikabaki nimemkodolea macho, kwa sababu kwa ulimi ule angejibu nini kingine? Mama Bukavu, mkono wake bado uko mahali pake, akanichekea juu ya bega la mzee.

"Si umesikia, dada? Miye nilisikia muzuri tangu siku ile."